Molekuli Zinazong'aa na Kubadilika kwa Unyevu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni lenzi. Huletewa kamera za wapiga picha wa harusi, hadubini za shule na zahanati, na mara mojamoja darubini ya baharia. Hapa Mombasa muuaji mkubwa wa lenzi ni kuvu. Hutambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui, na ukichelewa huacha alama isiyotoka kwa kitambaa wala kwa dua. Nilikuwa nikitafuta namna ya kujua kama unyevu umeingia ndani ya kisanduku bila kukifungua, ndipo rafiki anayefundisha kemia akanipa kipande cha plastiki kilichopakwa dawa yenye yuropiamu, metali fulani adimu. Chini ya taa ya kukagulia noti kinawaka wekundu kama kaa. Kikishika unyevu, kinafifia. Tangu nilipokiweka mezani hakuna mteja anayeondoka bila kuuliza, na maswali ni yaleyale. Haya hapa, pamoja na majibu yangu.

Kinawakaje na hakina betri?

Kinapokea mwanga wa aina moja na kurudisha wa aina nyingine. Taa ya noti hutoa mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni vizuri. Molekuli huimeza nishati hiyo, hutikisika na kupoteza kiasi chake kama joto, halafu iliyobaki huitoa kama mwanga wa rangi tunayoiona. Ndiyo maana mwanga unaotoka huwa na nguvu pungufu kuliko ule ulioingia. Shati jeupe linalong'aa ukumbini chini ya taa za zambarau hufanya vivyo hivyo, kwa dawa iliyoachwa na sabuni ya unga. Kimulimuli ana njia yake: huchanganya kemikali zake mwenyewe tumboni, hahitaji taa ya mtu.

Aliyeupa mng'ao wa namna hii jina la kisayansi ni George Gabriel Stokes wa Uingereza, mwaka 1852, na jina lenyewe alilitoa kwenye jiwe la floraiti, madini yaliyochimbwa miaka mingi hapa Kenya katika bonde la Kerio. Wala vitu hivi si vigeni nyumbani kwako. Poda nyeupe iliyopakwa ndani ya balbu za kuokoa umeme, zile zilizopindwapindwa, ina yuropiamu inayotoa nyekundu na tebiamu, metali ya kundi lilelile, inayotoa kijani.

Na unyevu unaingilia wapi katika habari hii?

Hapa ndipo pananoga, niwie radhi nikirefusha.

Molekuli iliyomeza mwanga ni kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Lazima aitue. Akiitua kwa utulivu, tunaona mwanga. Akigongwa njiani, maji yanamwagika, na mwanga hatuuoni. Nishati imekwenda kwenye joto. Maji ya hewani ni mgongaji hodari, ila hagongi kila molekuli kwa njia moja.

Kwa yuropiamu, maji ni mwizi. Chembe ya maji inajishikiza kwenye metali yenyewe, na kiungo kati ya oksijeni na hidrojeni kinatetema kwa kasi inayolingana vizuri na mahitaji ya wizi: mitetemo kama minne hivi inatosha kufyonza nishati yote ambayo ingekuwa mwanga mwekundu. Ushahidi ni mzuri mno. Yuropiamu ikiyeyushwa katika maji ya kawaida, mng'ao wake hudumu kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ukitumia maji mazito, ambayo hidrojeni yake ina uzito maradufu na hivyo hutetema polepole, mng'ao hudumu milisekunde kadhaa. Mwaka 1979 Horrocks na Sudnick wa Marekani walitumia tofauti hiyohiyo kuhesabu ni chembe ngapi za maji zimeshikana na metali. Hebu fikiria: unahesabu chembe za maji kwa kuangalia mwanga unavyozimika.

Tebiamu haiibiwi kirahisi kama yuropiamu, maana nishati yake inahitaji mitetemo mitano. Kwa hiyo wapo wanaochanganya metali hizo mbili katika kitu kimoja na kulinganisha kijani na nyekundu. Faida yake ni kwamba hata taa ikiwa hafifu au kipande kikiwa chembamba, uwiano wa rangi mbili haudanganyi upesi kama ukali wa rangi moja.

Platini ina tabia nyingine kabisa. Molekuli zake nyingine ni bapa, hupangana moja juu ya nyingine kama sahani za pilau. Metali za sahani mbili zikikaribiana kufikia kama theluthi moja ya nanomita, huanza kushirikiana, na rangi hubadilika. Jambo hili lilionekana zamani: chumvi ya kijani ya Magnus, ya mwaka 1828, hutokana na sehemu moja nyekundu na nyingine isiyo na rangi, na kijani chake huletwa na huko kupangana tu. Sasa, katika baadhi ya fuwele za platini mvuke wa maji hupenya kati ya sahani, huzisogeza, na rangi ya mng'ao huhama. Ukifukuza maji, sahani hurudi zilipokuwa.

Kuna pia rangi za kikaboni, zisizo na metali. Nyingine zikimeza mwanga hujigawa, upande mmoja ukawa chanya na mwingine hasi, na maji, kwa kuwa nayo yana ncha mbili za umeme, huzizunguka na kuzituliza. Mng'ao wao huelekea kwenye wekundu na kufifia. Nyingine hung'aa zikiwa zimebanwa tu, jambo ambalo kundi la Ben Zhong Tang kule Hong Kong lilitangaza mwaka 2001. Ukizitia kwenye plastiki inayovimba kwa unyevu, plastiki ikilainika molekuli hupata nafasi ya kucheza, na mng'ao hupungua.

Naweza kujionea mwenyewe bila maabara?

Unaweza, na viungo viko Marikiti. Nunua manjano ya unga. Weka kijiko cha chai ndani ya glasi yenye spiriti ya dawa isiyo na rangi, koroga, acha unga utue chini, kisha mwaga ule umajimaji wa juu kwenye glasi nyingine. Zima taa za chumba, mulika kwa taa ya noti. Utaona umanjano wa kijani unaowaka kana kwamba glasi ina umeme. Hiyo ni kukumini, rangi ya manjano.

Sasa tia maji kidogo kidogo. Mwanga unafifia mbele ya macho yako. Sababu ni mbili, na sipendi kuficha ya pili: maji huinyang'anya kukumini nishati kwa kushikana nayo, na pia kukumini haipendi kuyeyuka katika maji, kwa hiyo sehemu yake hujitenga na glasi hupata ukungu. Hata hivyo umeona jambo lenyewe: molekuli ile ile, taa ile ile, maji tu yameongezeka.

Spiriti inashika moto, fanya mbali na jiko. Taa usiielekeze machoni, hasa ya watoto. Na manjano hayatoki kwenye kanzu.

Mwanangu, si kuna zile punje za buluu zinazogeuka waridi? Hizi zako zina jipya gani?

Mama mmoja wa Kibokoni aliniuliza hivyo, na ana haki. Punje zile ni silika jeli, kile kikausha unyevu cha vipakiti, iliyotiwa kloridi ya kobalti. Ikiwa kavu ni buluu. Kobalti ikizungukwa na maji inakuwa waridi. Zinafanya kazi vizuri na hazihitaji taa. Kasoro yake ni kobalti yenyewe: mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliiingiza kloridi hiyo kwenye orodha ya kemikali za kutiliwa wasiwasi mkubwa kwa sababu ya saratani, na ndiyo maana siku hizi unaziona punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani.

Tofauti ya msingi ni hii. Punje za buluu unaziona kwa mwanga unaorudi kutoka juu yake, na rangi hubadilika kwa kiasi; buluu iliyochujuka na waridi iliyochujuka zinafanana sana chumbani mwenye giza. Kitu kinachong'aa unakitazama gizani, kwa hiyo hata mabadiliko madogo hujitokeza, na mwanga wake unaweza kupimwa kwa kifaa kidogo kupitia ukuta wa kioo. Kwa mtu mwenye kabati la vyombo nyumbani, punje zinatosha. Sitamdanganya mtu.

Lakini Mombasa hewa imelowa mwaka mzima. Unapima nini basi?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu aulize, kwa sababu vifaa vingi vya aina hii vimebuniwa na watu wanaoishi penye hewa kavu. Kitu kinachobadilika kati ya asilimia 10 na 30 ya unyevu, yaani ya maji yote ambayo hewa ingeweza kubeba, hapa kitakuwa kimelowa kabla hujakitoa kwenye bahasha. Tazama kichupa chako cha chumvi. Chumvi safi ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika kama asilimia 75, na chumvi ya bahari isiyosafishwa, ambayo ina magnesi ndani yake, huvuta maji mapema zaidi. Punje za mchele tunazotia kwenye kichupa zinakiri kwamba hewa yetu huvuka mpaka huo mara kwa mara, hasa masika na wakati kusi inapovuma kutoka baharini.

Kwa hiyo hewa ya wazi ya Mombasa sihitaji molekuli kuniambia ikoje; fulana yangu inaniambia. Mahali pa molekuli hizi ni pale ngozi yangu isipofika: ndani ya kisanduku kilichofungwa, nyuma ya kioo, katikati ya gunia. Na kitu cha kwanza cha kuuliza unapoonyeshwa kifaa ni asilimia ngapi kinabadilika. Kwa lenzi nataka kitu kinachobadilika kati ya 40 na 60, kwa sababu juu ya hapo kuvu huanza kujisikia nyumbani. Kinachobadilika kwenye 15 ni kizuri kwa vipuri vya elektroniki, kwangu ni pambo.

Kisha hesabu inayowashangaza wengi. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiwa kwenye asilimia 75, ina kama gramu 23. Hewa hiyo ikipoa mpaka nyuzi 24 haiwezi kubeba zaidi ya 22 hivi, na maji ya ziada hutua kwenye kioo. Ndiyo maana kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hutokwa jasho mara tu ukiifikisha barazani. Lakini kisanduku cha lita 2 kilichofungwa adhuhuri kina miligramu 46 tu za maji hewani, chini ya tone moja! Kipakiti kidogo cha silika jeli hulimaliza tone hilo na kutaka jingine. Basi kwa nini lenzi huoza ndani ya visanduku? Kwa sababu ya sponji, mkoba wa ngozi na kitambaa, ambavyo vimekunywa maji mengi kuliko hewa na huyarudisha polepole, usiku baada ya usiku. Na kwa sababu ya kifuniko kisichoziba. Kipande kinachong'aa hunionyesha hilo: kipande kilichokuwa chekundu vizuri Jumatatu, kikififia Ijumaa, najua kuna mnywaji ndani au tundu pembeni.

Nikibandike ukutani sebuleni?

Hapana. Jua litaila rangi yake. Molekuli nyingi zinazong'aa huchakaa zikipigwa na mwanga mkali mfululizo, na utadhani unyevu umepanda kumbe rangi imekufa. Nunua kipima unyevu cha dijitali.

Kikishalowa, kinarudi?

Kizuri kinarudi. Kuna viwili vya kuangalia. Kwanza, kasi: utando mwembamba huweza kubadilika ndani ya sekunde chache, fuwele nene huchukua dakika au saa, kwa kuwa maji lazima yatembee mpaka ndani. Pili, baadhi havirudi kwa njia ileile vilivyokwenda. Kitu kinaweza kufifia unyevu ukipanda kufika 60, kisha kikagoma kuwaka tena mpaka unyevu ushuke 35. Ukikiangalia kwenye 50 hujui kama unapanda au unashuka. Hilo likikupata, usimlaumu muuzaji bado. Kiweke kwenye jeli kavu usiku mmoja, halafu anza upya.

Joto nalo linaingilia, maana mng'ao mwingi hupungua kitu kikipata moto, na baadhi huathiriwa na oksijeni pia. Gari lililoegeshwa juani Mwembe Tayari litakupa jibu la uongo.

Nitajuaje kwamba kinasema kweli?

Kwa chumvi tena. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko kidogo, itie maji kidogo iwe kama mchanga uliolowa, ifunge ndani ya chupa ya kioo pamoja na kipande chako, visigusane. Usiku kucha hewa ya ndani itatulia kwenye asilimia 75 au karibu sana, hata joto la chumba likibadilika nyuzi chache. Kloridi ya magnesi ikifanywa vivyo hivyo hukupa kama 33. Piga picha ya kipande katika kila chupa, taa ile ile, umbali ule ule, na sasa una kipimo chako mwenyewe. Nimewapima kwa njia hii wenye vifaa vya bei kubwa, wengine walinuna.

Inafaa kwa mahindi na chai?

Mahindi kwanza, maana yanahusu uhai. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini ilileta wagonjwa 317 waliorekodiwa, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Kuvu anayeitengeneza hustawi nafaka ikihifadhiwa na maji mengi. Kiwango cha Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 ya uzito wa nafaka. Kipande kinachong'aa ndani ya mfuko usiopitisha hewa kingefaa, lakini mkulima ana njia ya bure. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi kama robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana zaidi ya asilimia 15, hayajawa tayari. Njia hiyo inatumia mpaka ule ule wa 75: mahindi ya namna hiyo huipandisha hewa inayoyazunguka mpaka karibu na kiwango kinacholowesha chumvi.

Chai hutoka kiwandani bara ikiwa imekaushwa mpaka kama asilimia 3 ya maji, halafu inashushwa huku kwetu kungoja mnada na meli. Kutoka ukavu huo kuja fukuto la maghala ya Shimanzi ni safari ya hatari, na mfuko ndio mlinzi. Hapo naona kazi ya kweli kwa kitu kinachobadilika kwenye asilimia ndogo.

Na kuta za Fort Jesus zinavyomenyeka, ni unyevu?

Unyevu pamoja na chumvi. Jiwe la matumbawe lina chumvi ndani, na hewa inapovuka 75 kwenda na kurudi, chumvi huyeyuka na kuganda tena kila siku, ikisukuma jiwe kutoka ndani. Kuta za nyumba nyingi za Mji wa Kale zinaugua ugonjwa huo, na rangi ya plastiki mnayozipaka inazidisha.

Hiyo yuropiamu ni sumu? Na inatoka wapi?

Kwenye kipande kilichofungwa ndani ya plastiki sina hofu nayo, ila siwapi watoto wachezee. Yuropiamu na tebiamu ni za kundi la metali zinazoitwa adimu duniani. Kilima cha Mrima kule Kwale kina akiba ya kundi hilo, na maneno juu yake hayaishi. Mpaka sasa hakijageuka mgodi wa biashara, na ni msitu wenye heshima yake kwa wenyeji.

Ninunue wapi?

Vingi bado viko maabara. Dukani utapata kadi za unyevu zenye madoa, zile za vipuri vya elektroniki huandikwa 5, 10 na 60, na za kawaida 30, 40 na 50. Hizo hubadilika rangi tu bila kung'aa, na kwa wengi zinatosha. Ukiuziwa "stika ya nano inayong'aa" mtandaoni bila kuambiwa mpaka wake wa kubadilika, weka pesa yako mfukoni.

Sasa lenzi yangu niihifadhi vipi, fundi?

Kisanduku cha plastiki chenye mpira kwenye kifuniko. Silika jeli ya gramu 20 au 30, uikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili ikichoka. Kadi ya 30, 40, 50 iliyoelekea nje uweze kuisoma bila kufungua. Funga mchana wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, usifunge jioni ya mvua. Lenzi itoe kila wiki mbili, uimulike, uitumie. Na ule mkoba wa ngozi uliokuja nayo, uliourithi kwa ami yako na unaupenda sana, uache nje ya kisanduku.